Papa Mwalimu Anajibu: Mwingereza anayeponda kwao

Papa Mwalimu, jambo na heshima zako. Mimi ni fundi wa umeme kwenye mgodi upande wa Likasi, nyumbani ni Kamalondo. Kazini tuko na wazungu wawili. Mmoja ni Mwingereza wa Leeds. Wa pili ukimwita Mwingereza anakunja uso, anasema yeye ni wa Wales, karibu na Swansea. Nikimwuliza wa kwanza habari za kwao anacheka: mvua tu, timu inafungwa kila wiki, hakuna kitu. Wa pili huna haja ya kumwuliza. Anatoa simu, anakuonyesha mlima, nyumba ya babu yake, kanisa, hata kondoo. Juzi tulipita Lubumbashi, akasimamisha gari mbele ya teril, kile kilima cheusi cha takataka za shaba, akaikodolea macho mpaka madereva wa nyuma wakaanza kupiga honi. Naomba unifafanulie: huyu wa Leeds hapendi kwao? Na huyu mwingine, kapoteza nini kwenye teril yetu? — Fundi wa Kamalondo

Mwanangu Fundi, jambo sana. Nianze na huyo wa Leeds, maana ndiye unayemhukumu bila kosa.

Leeds naijua. Miaka ya 1980 nilipata ufadhili wa kwenda kusomea ualimu wa Kiingereza huko, nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane, kwenye zile nyumba zao za matofali mekundu zilizojengwa zikiegemeana migongo. Ua wa nyuma hakuna, kwa hiyo nguo zinaanikwa kwenye kamba inayovuka barabara, na gari likitaka kupita mashuka yanainuliwa kwa mti. Mama yule aliuponda mji wake tangu chai ya asubuhi: basi limechelewa, mto unanuka, wakubwa wa mji wanakula pesa. Siku moja mpangaji mwenzangu akaleta jamaa yake wa London. Kijana akasema maneno yale yale ya mama, tena kwa adabu kuliko yeye. Mama akaweka birika chini. Akamhesabia viwanda vya nguo, akamhesabia wachezaji wa mpira, akafika kwenye soko la Kirkgate ambako Michael Marks alianza na kimeza cha bidhaa za peni moja mwaka 1884, na sasa dunia nzima inajua maduka ya Marks & Spencer. Alipomaliza, chai ya mgeni ilikuwa imepoa na hakuongezwa nyingine.

Ndivyo walivyo, hasa hao wa kaskazini. Kuponda kwao ni haki ya mwenyeji, na anapouponda mji wake mbele yako anakuonyesha kitambulisho. Kuusifu waziwazi kwa mgeni wanaona ni kujidai, na kujidai kwao ni aibu kubwa. Kwa hiyo usimsikilize mdomo. Tazama mambo wanayoyagombania.

Chukua kriketi, ule mchezo wao wa siku nyingi mfululizo ambao sikuwahi kuuelewa. Klabu ya Yorkshire, jimbo la huyo mwenzako, kwa miaka mingi ilikuwa haichezeshi mtu ambaye hakuzaliwa ndani ya mipaka ya jimbo. Kukulia hapo hakukutosha. Watu husimulia kwa kicheko habari za wanaume waliokimbiza wake zao wajawazito kuvuka mpaka ili mtoto aanguke upande unaofaa. Utaratibu huo ulilegezwa mwaka 1992 tu, klabu ilipomchukua kijana kutoka India, Sachin Tendulkar. Sasa jiulize: timu yetu ya Mazembe ingekataa kila mchezaji ambaye hakuzaliwa Katanga, yale makombe ya Afrika ya 2009 na 2010 yangekuwa kabatini kwa nani? Lakini wao walikubali kufungwa miaka na miaka kuliko kuiacha ile sheria. Halafu mtu wa jimbo hilo anakwambia kwao hakuna kitu, na wewe unaamini.

Au chukua mipaka yenyewe. Mwaka 1974 serikali ya London ilichora upya majimbo, Yorkshire ikakatwakatwa, vipande vingine vikapewa majina mapya ambayo hakuna bibi aliyewahi kuyasikia. Mwaka uliofuata wakaanza kuadhimisha Siku ya Yorkshire, tarehe 1 Agosti, na wanaiadhimisha mpaka leo. Kajimbo kadogo kuliko vyote, Rutland, kalimezwa na jirani yake mwaka huo huo wa 1974; watu wake walinung'unika miaka ishirini na ushei mpaka wakarudishiwa jimbo lao mwaka 1997. Sisi hatuna haja ya kuelezwa sana hayo. Katanga imekatwa vipande vinne mwaka 2015, kwenye karatasi mimi ni mtu wa Haut-Katanga, lakini nikifika Kinshasa sijasikia hata mtu mmoja akiniita hivyo, na mimi sijajiita.

Sasa nikwambie kitu ambacho kwangu ndicho kinachowafichua Waingereza kuliko vyote: viti. Panda kilima chochote kwao, au tembea kando ya bahari, utakuta kiti kirefu cha mbao kimewekwa mahali penye mandhari nzuri, hakina kibanda, hakina kituo cha basi. Ukitaka kukaa, angalia mgongo wa kiti. Kuna kibati kidogo cha shaba ya manjano kilichogongomewa misumari, kimechongwa jina la mtu, mwaka aliozaliwa, mwaka aliokufa, na chini yake mstari mmoja tu kwamba alipapenda mahali hapa. Basi. Familia imelipa fedha nzuri kwa halmashauri ya mji ili kile kibati kiwekwe, na sehemu zingine kuna foleni ya wanaosubiri. Mtu huyo pengine maisha yake yote hakutamka kwa sauti kwamba anapenda kile kilima. Alikwenda na mbwa wake kila jioni, akilalamikia upepo. Amekufa, ndipo wanawe wamemsemea, tena wamemwambia mpita njia wasiyemjua. Nilipokuwa kule nilizoea kuvisoma vibati hivyo kabla ya kukaa. Niliona haifai kukaa juu ya mtu bila kumjua jina.

Na wanatembea. Njia za miguu za umma katika England na Wales zikijumlishwa zinafika kama kilomita 225,000, nyingi zikipita katikati ya mashamba ya watu, na mwenye shamba haruhusiwi kuzifunga. Hazikuja kwa hisani. Aprili 1932 mamia ya vijana wa viwandani kutoka Manchester na Sheffield walipanda kwa makusudi mlima wa Kinder Scout, uliokuwa umefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege, na watano kati yao wakapelekwa gerezani. Sheria ya mwaka 1949 ndiyo iliyoamuru njia hizo zichorwe kwenye ramani rasmi. Mwingereza akikualika matembezi ya Jumapili kwenye matope, mwanangu, usikatae kirahisi. Anakuonyesha kwao.

Basi tuje kwa huyo wa Swansea, mji wa Wales, nchi jirani ya England.

Kwanza hana haja ya kupitia mlango wa nyuma ili kusema anapenda kwao. Mwelisi, yaani mtu wa Wales, anasema. Anaimba pia, na kama hajaimba bado kazini kwenu subirini Krismasi. Tena ukikaa na Wawelisi wawili wasiojuana, utawaona wanafanya jambo ambalo mtu wa kwetu analielewa mara moja: wanaulizana wewe ni wa wapi, halafu wa nani, halafu basi lazima unamjua fulani, na hawaanzi mazungumzo yenyewe mpaka wamempata fulani huyo. Sababu moja ni majina. Wameishiwa. Kijiji kizima ni Jones, Davies, Evans na Williams, kwa hiyo mtu hutambulishwa kwa shamba lake au kwa kazi yake. Kuna Jones wa maziwa na Jones wa posta, na kuna John wa shamba fulani ambaye hata akihamia mjini miaka hamsini bado ni John wa shamba lile. Washairi wao wakubwa nao hujichukulia jina la kwao: John Hughes, wa bonde la mto Ceiriog, Wales nzima inamjua kama Ceiriog, la mto peke yake.

Kondoo wa kwenye simu usimcheke. Kondoo wa milimani kule hawafungiwi uzio. Kundi la kila shamba lina upande wake wa mlima na kondoo wenyewe wanaujua. Jike anatembea na mwanawe, mwana anajifunza mwisho wa malisho yao ni jiwe lipi, naye atamfundisha wake. Anayenunua shamba la mlimani hununua na kondoo wake, kwa sababu ukileta wageni watatawanyika siku hiyo hiyo. Wawelisi mahali hapo pa kondoo wanapaita cynefin, na jina hilo hilo wanampa binadamu kwa ajili ya mahali alipozoeana napo. Tangu mwaka 2022 limo hadi kwenye mtaala mpya wa shule zao. Wachungaji wa Kiingereza wa Cumbria nao wana kondoo wa namna hiyo, aina ya Herdwick. Mwaka 2001 ulipoingia ugonjwa wa miguu na midomo na serikali ikachinja mifugo kwa maelfu, fidia ililipwa, lakini wazee wa Cumbria waliendelea kuhangaika: kundi likiisha lote, kondoo wapya watafundishwa mlima na nani?

(Utasikia pia habari ya hiraeth, uchungu wa kutamani kwenu. Siku hizi inachapishwa kwenye vikombe vya kuuzia watalii, kwa hiyo naipita.)

Kwa nini huyu anasema na yule hasemi? Mimi nina jibu langu, na profesa anayelikataa aje tubishane. Anayesema ni yule aliyewahi kunyang'anywa. Mwaka 1957 Bunge la London lilipitisha sheria ya kulikabidhi jiji la Liverpool bonde la mto Tryweryn, kaskazini mwa Wales, wajenge bwawa la maji yao. Bondeni kulikuwa na kijiji, Capel Celyn: nyumba 12, shule, posta, kanisa na makaburi yake, watu wote wakizungumza Kiwelisi. Karibu wabunge wote wa Wales walikuwa wakipinga, haikusaidia kitu. Wanakijiji wenyewe walikuwa wamekwenda Liverpool mwaka 1956, pamoja na watoto wao, wakaandamana barabarani na mabango. Mwaka 1965 maji yakafunika. Liverpool iliomba radhi mwaka 2005, miaka arobaini baadaye.

Katikati ya hapo mtu alichukua rangi nyeupe akaandika kwenye ukuta wa nyumba iliyobomoka, kando ya barabara karibu na Llanrhystud: Cofiwch Dryweryn. Kumbukeni Tryweryn. Ukuta huo mwaka 2019 uliharibiwa, na mara maandishi yale yale yakaanza kutokea kwenye kuta nchi nzima. Binti yangu ni muuguzi Swansea, nimewahi kukaa kwake. Nyuma ya nyumba kuna gereji, na kwenye ukuta wa gereji yapo, herufi kubwa nyeupe juu ya wekundu. Nilimwuliza fundi wa gereji kama ana ndugu waliotoka Capel Celyn. Akasema hana, hajawahi hata kufika, na Kiwelisi chenyewe hakijui. Lakini aliyaandika mwenyewe, na akanionyesha ndoo ya rangi iliyobaki.

Hilo la kutojua Kiwelisi likumbuke unapoongea na mwenzako. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 iliwakuta wasemaji wa Kiwelisi kama 538,000, yaani chini ya mmoja katika kila watu watano wa Wales. Walio wengi, hasa kusini kwenye migodi ya zamani, wanaongea Kiingereza tangu utotoni. Hao ndio wananifurahisha zaidi, maana wamechukua vyote viwili: wataponda mtaa wao kama mtu wa Leeds, na dakika ile ile watauimbia.

Lakini barabarani Kiwelisi kipo, na hakikupewa bure. Gari likikaribia kona utaona kwenye lami yameandikwa maneno mawili ya kupunguza mwendo, la Kiingereza na la Kiwelisi, ARAF. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa Cymdeithas yr Iaith, chama cha lugha kilichoanzishwa mwaka 1962, walikuwa wakitoka usiku na rangi ya kijani kufuta majina ya Kiingereza kwenye vibao, na walifungwa kwa hilo. Siku hizi hifadhi za taifa zenyewe zimegeuka: ile ya kaskazini tangu 2022 inauita mlima mrefu kuliko yote Yr Wyddfa, jina la Snowdon limewekwa pembeni, na mwaka 2023 hifadhi ya Brecon Beacons ikajiita Bannau Brycheiniog. Magazeti ya London yalilalamika kwamba majina hayo hayatamkiki. Nasi tuliambiwa hivyo hivyo, mwaka 1966, Élisabethville ilipokuwa Lubumbashi.

Sasa teril. Mwenzako hajapoteza kitu, ameona kwao. Kabla mzungu yeyote hajachimba shaba ya Katanga, mji uliotawala shaba duniani ulikuwa Swansea. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 mawe ya shaba yalipelekwa huko kwa meli kutoka Cornwall, Cuba hata Chile, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na makaa ya kuyayeyushia. Kiwanda cha Hafod cha familia ya Vivian kilianza mwaka 1810. Kazi ya mwisho pale ilizimwa mwaka 1980. Tajiri aliwajengea wafanyakazi nyumba, kamp kabisa kama zetu za Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa Wabelgiji, na mitaa akaipa majina ya familia yake. Moshi uliua miti yote ya bonde. Kandokando ya mto kukabaki vilima vyeusi vya takataka za shaba, ndugu wa teril yetu.

Wao wamevifuta. Kuanzia mwaka 1961 chuo kikuu na halmashauri walianza kulisafisha lile bonde, wakapanda miti. Mwaka hata mwaka vilima vikaondolewa. Ukienda leo ni majani, uwanja wa mpira na maduka. Nilitembea pale na binti yangu, akanionyesha bomba mbili za moshi za Hafod zilizoachwa makusudi, na nilichokiona cha ajabu ni wazee. Wanakuja kupiga picha na bomba za moshi. Kijana wa huko hajawahi kukiona kilima cha slagi, takataka hizo za shaba, kikiwa kimesimama, amekisikia kwa babu yake tu. Halafu anakuja kufanya kazi Katanga, anapita barabarani, anakikuta, kipo, cheusi, na shemine, bomba la moshi, pembeni yake. Mimi nami ningesimamisha gari.

Yawezekana pia alikuwa akiwaza jambo lingine, kwa hiyo usimfanyie mzaha. Tarehe 21 Oktoba 1966 kilima cha takataka za makaa kilichokuwa juu ya kijiji cha Aberfan, si mbali sana na Swansea, kiliporomoka asubuhi baada ya mvua nyingi, kikafunika shule ya msingi ya Pantglas watoto wakiwa wameingia darasani. Walikufa watu 144, na 116 kati yao ni watoto. Wanakijiji walitaka vilima vilivyobaki viondolewe, serikali ikaondoa, lakini ikachukua pauni 150,000 kutoka kwenye mfuko wa michango ya wafiwa ili kulipia kazi hiyo. Zilirudishwa mwaka 1997. Mtu wa kusini mwa Wales akiangalia teril ya watu wengine, hajui atabasamu au afanye nini.

Teril yetu tangu miaka ya 2000 inapelekwa tanuruni kidogo kidogo, wanatoa kobalti iliyokuwa imebaki ndani. Wachoraji wetu hawachori Lubumbashi bila teril na shemine. Mwambie mwenzako apige picha sasa, asingoje.

Papa Mwalimu, mwanangu wa darasa la sita amerudi nyumbani anasema Stanley, yule Bula Matari, hakuwa Mwamerika, eti alikuwa wa Wales. Nilimkatalia mbele ya wageni. Sema wewe. — Baba wa Katuba

Baba wa Katuba, mtoto kasema kweli. Stanley alizaliwa Denbigh, kaskazini mwa Wales, tarehe 28 Januari 1841, akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, alimwacha kwa babu. Babu alipokufa mtoto akalelewa kwa malipo, na kwenye mwaka 1847 wakampeleka nyumba ya maskini ya St Asaph, akakaa humo mpaka ujana. Mwaka 1859 alivuka bahari mpaka New Orleans, akachukua jina la tajiri mmoja wa huko, na tangu hapo akawa anasema ni Mwamerika. Hao waliomsikia Ujiji mwaka 1871 akimsalimia Livingstone walimwona ni mwandishi wa gazeti la New York, na yeye aliacha waone hivyo.

Wazee walisema mkataa kwao mtumwa. Huyu alikataa kwao, akaenda kumtumikia Leopold, mfalme wa Wabelgiji, na utumwa ukawa wetu. Hata hivyo, ukiniuliza kama Denbigh ilimpa sababu ya kuipenda, nitakujibu haikumpa nyingi. Ukienda kwenye kaburi lake Pirbright, kusini mwa England, utakuta jiwe kubwa lisilochongwa vizuri, limeandikwa jina lake, chini yake Bula Matari, miaka 1841 hadi 1904, na neno moja: Africa. Wales haimo. Denbigh wenyewe walimsimamishia sanamu mwaka 2011, mkono kaunyosha kama anakuja kukusalimia, watu wakagombana sana, na mwaka 2021 wenyeji waliopiga kura wakasema ibaki. Mimi ningepiga nyingine, lakini si mwenyeji.

Kama mwanao anapenda historia, mwambie pia habari ya Colwyn Bay, mji wa pwani usio mbali na Denbigh. Mchungaji wa Kibaptisti, William Hughes, Mwelisi, alikuja Kongo miaka ya 1880, akaugua, akarudi kwao na vijana wawili wa Kikongo, Kinkasa na Nkanza. Akafungua chuo cha kufundisha Waafrika ufundi na dini, kikajulikana kama Nyumba ya Kongo. Hao vijana wawili walikufa wadogo na kuzikwa huko huko. Chuo kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1910. Makaburi yapo, yana majina yao, kwenye mvua ya Wales, na mtu wa Lubumbashi akipita angetakiwa kuyatafuta kabla ya sanamu ya yule mwingine.

Papa Mwalimu, binti yangu ana mchumba wa Carmarthen, huko huko Wales. Jumapili wazazi wa kijana watapiga simu ya video kunisalimia. Kiingereza ninacho kidogo. Niwaulize nini nisiharibu? — Mama wa Ruashi

Mama, hongera. Utafanya vizuri.

Usiseme Uingereza. Sisi kwa Kiswahili tumezoea kuwatia wote kapu moja, lakini mama mkwe wa Carmarthen hatakusamehe upesi. Sema Wales. Ukitaka kumfurahisha zaidi, msalimie kwa shwmae, unaitamka shumai. Ndiyo salamu ya kusini kwao.

Halafu uliza nyumba yao inaitwaje. Huko, hasa nje ya mji, nyumba nyingi zina jina lake zenyewe, la mto, la mti, la jiwe, na jina hilo lina hadithi. Ukishauliza, weka simu vizuri ukae, maana mama yule ataitwaa na kuizungusha akuonyeshe dirisha, mlango, kilima cha mbele na jirani. Mwache amalize. Kama baba wa kijana amevaa jezi nyekundu, ni raga; kama ni shabiki wa Scarlets wa Llanelli, jirani zao, mpe pole au hongera kufuatana na matokeo, binti yako atakuangalizia. Timu ya England usiitaje kabisa.

Nao watakuuliza kwenu. Usiwajibu Kongo halafu ukanyamaza, watabaki kutazamana. Waambie Ruashi, waambie avenyu yenu, mtaa una nini, ni nani aliyepanda mwembe wa uani, baba wa binti alitoka kijiji gani mpaka kufika Lubumbashi. Wataelewa kila neno hata Kiingereza kikipotea njiani.

Habari ya mahari hukuiuliza, nami sitaigusa. Wao hawana, na hilo lataka barua yake peke yake.